Kudhibiti Tangi la Matumbawe kwa Vifaa vya Bei Nafuu

Utangulizi

Wasomaji wetu walio katika shule za pwani hawana haja ya kuelezwa matumbawe ni kitu gani. Wameyaona yakichomwa ili kupata chokaa, wameyakanyaga wakati wa maji kupwa, na wengine wao wanaishi katika nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe yake. Lakini tumbawe lililo hai ni jambo jingine. Hilo ni kundi la wanyama wadogo sana, waitwao polipu, ambao hukaa pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa kutokana na kalsiamu na kabonati zilizoyeyuka katika maji ya bahari.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini wako watu wanaofuga wanyama hao ndani ya nyumba zao, katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi. Jambo hilo si geni. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alichapisha maelezo ya jinsi alivyofuga matumbawe kwa kutumia mawe hai kutoka baharini, mwangaza na mapovu ya hewa, pasipo mashine nyingi. Yeye lakini aliishi katika nchi ya joto, karibu na bahari yenyewe. Mtu anayekaa Chicago au London hana jua hilo wala bahari hiyo. Hana budi kuiga hali ya bahari ya tropiki kwa hita, taa na pampu, tena usiku na mchana, mwaka mzima.

Kwa muda mrefu mashine za kudhibiti kazi hiyo zilikuwa za bei kubwa. Leo mambo yamebadilika. Soketi janja, yaani soketi iwezayo kuwashwa na kuzimwa kwa amri inayotumwa kwa mawimbi ya redio, hupatikana kwa dola chache. Ziko pia mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyowekwa katika chipu moja, kama ile ya ESP8266 iliyoanza kujulikana mwaka 2014. Vitu hivyo vilibuniwa kwa ajili ya taa na feni za nyumbani, na wafugaji wa matumbawe wakaona kwamba vyaweza kuangalia tangi pia.

Hatuandiki makala haya ili kila shule ijenge tangi la matumbawe. Tunaandika kwa sababu ndani ya tangi hilo moja fizikia, kemia, elimu-viumbe na hesabu hukutana, na kwa sababu tangi hilo huuliza swali ambalo kila fundi wa mitambo inayojiendesha hana budi kulijibu: Je, kifaa kikiharibika usiku wa manane, na mwenyewe amelala, kiumbe kilicho mikononi mwa kifaa hicho kitapona?

Mahitaji ya mnyama

Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia nuru kutengeneza chakula kwa njia ya usanisinuru, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea polipu. Polipu naye humpa mwani makao na takataka za mwili wake, ambazo kwa mwani ni mbolea. Rangi nzuri za kahawia na kijani tuzionazo katika matumbawe mengi hutokana na ushirika huo.

Ushirika huo huvunjwa kwa urahisi na joto. Wataalamu wa bahari huhesabu kwamba hatari huanza pale halijoto ya maji inapozidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi wastani wa mwezi ulio na joto kuliko yote mahali hapo, na kuendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Mwani hufukuzwa, tumbawe hupauka na kuwa jeupe, na hali isiporekebishwa hufa kwa njaa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, wakati maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi sana yakapauka na kufa, pamoja na yale ya Kenya, Tanzania, Shelisheli na Maldivi.

Msomaji aangalie kwamba mnyama huyu huishi karibu sana na mpaka wa juu wa joto analoweza kulivumilia. Wafugaji wengi huweka tangi kati ya nyuzi 24 na 27. Juu ya hapo nafasi ya kukosea ni ndogo. Chini ya hapo ni kubwa zaidi kidogo. Tutaona baadaye kwamba tofauti hiyo ni ya maana sana katika kubuni mtambo.

Kihisi, kidhibiti na kitendaji

Kila mtambo unaojiendesha wenyewe una sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, ambacho hupima hali ilivyo. Ya pili ni kidhibiti, ambacho hulinganisha hali ilivyo na hali itakiwayo. Ya tatu ni kitendaji, ambacho hufanya kazi ya kuondoa tofauti hiyo. Mfano ulio karibu nasi ni tangi la maji la choo cha kuvuta. Boya lake ni kihisi, mkono ulioshika boya ni kidhibiti, na vali ya kufungulia maji ni kitendaji. Maji yakipungua boya hushuka na vali hufunguka. Maji yakijaa boya hupanda na vali hufunga. Matokeo ya kitendo humrudia aliyekitenda, na kumfahamisha aendelee au aache. Huo ndio mrejesho.

Katika tangi la matumbawe mpango ni ule ule. Kihisi cha joto hutumbukizwa majini. Mikrokontrola husoma kipimo. Soketi janja huwasha au kuzima hita. Ndani ya soketi hiyo imo rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme.

Hapa fundi mpya hukosea mara nyingi. Akiamuru hita iwashwe chini ya nyuzi 26 na kuzimwa juu ya nyuzi 26, atasikia rilei ikilialia bila kukoma, kwa kuwa kipimo hutikisika kidogo kidogo kuzunguka tarakimu hiyo. Kila mara rilei ifungukapo cheche ndogo huruka kati ya miguso yake, na miguso ikichomeka sana huweza kugandana. Dawa yake ni kuacha pengo: hita iwashwe inapofika nyuzi 25.7 na kuzimwa inapofika 26.1. Pengo hilo dogo halimdhuru mnyama, nalo hurefusha maisha ya rilei.

Hesabu ya hita

Sasa tufikirie ajali yenyewe. Rilei imegandana, na hita haizimiki tena. Nini kitatokea?

Tuchukue tangi la lita 200, lililo katika chumba chenye nyuzi 20, linalotakiwa kuwa na nyuzi 26. Tuseme tumepima na kuona kwamba, kwa wastani, hita hutumia wati 90 kulishikilia tangi katika joto hilo. Tofauti ya joto kati ya tangi na chumba ni nyuzi 6, kwa hiyo tangi hupoteza wati 90 gawanya kwa 6, ambazo ni wati 15 kwa kila nyuzi moja ya tofauti.

Kwa kuwa upotevu wa joto huongezeka kadiri maji yanavyozidi kupata moto, halijoto haitapanda milele. Itapanda hadi joto linalotoka lilingane na joto linaloingia. Mfugaji aliyenunua hita ya wati 300, kwa kudhani kwamba kubwa ndiyo bora, atapata tofauti ya wati 300 gawanya kwa 15, yaani nyuzi 20. Ukijumlisha na joto la chumba, maji yatafika nyuzi 40. Hakuna tumbawe litakalopona humo.

Je, itachukua muda gani? Kilo 1 ya maji ya bahari huhitaji juli 4,000 hivi ili kupanda nyuzi 1, na kwa hiyo tangi letu zima huhitaji juli 800,000. Tukifanya hesabu pamoja na upotevu, tutaona kwamba tangi litatoka nyuzi 26 hadi 32 katika muda wa saa 8 hivi. Huo ni urefu wa usiku mmoja. Mwenyewe alilala akiwa na tangi hai na kuamka akiwa na tangi lililokufa.

Badala ya hita moja ya wati 300, mfugaji mwingine ameweka hita mbili za wati 75, kila moja katika soketi yake. Zote mbili kwa pamoja zina wati 150, nazo zatosha hata chumba kikishuka hadi nyuzi 16. Hita moja ikigandana, wati 75 gawanya kwa 15 ni nyuzi 5, na maji hayatazidi nyuzi 25 kwa nguvu ya hita hiyo pekee. Ile ya pili itaongeza kidogo kilichosalia, kwa udhibiti. Hata siku chumba kikipanda hadi nyuzi 24, hita iliyogandana haitaweza kupita nyuzi 29. Nayo hita moja ikifa kabisa, ile nyingine italishikilia tangi katika nyuzi 25. Kwa njia zote mbili mnyama ana muda wa kuokolewa.

Ndugu msomaji, tuache kidogo ili tulitie jambo hili moyoni. Mfugaji wa pili hakununua programu bora wala kihisi bora. Alichofanya ni kupunguza nguvu ya chombo hadi kisiweze kuua, hata kitakapoasi. Huu ndio msingi wa makala haya yote: usalama wa kwanza wa mtambo unaojiendesha hautokani na akili ya mtambo, bali na mpaka wa nguvu uliyoupa.

Kihisi kinaposema uongo

Kihisi kinachotumiwa sana katika kazi hii huitwa DS18B20. Ni chipu ndogo iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma kisichoshika kutu, nayo hupima kwa kosa lisilozidi nusu nyuzi katika joto tunalolihitaji. Kwa bei yake ni chombo kizuri. Hata hivyo kina tabia mbili ambazo ni lazima zijulikane.

Kwanza, waya wake ukikatika, programu iliyozoeleka sana ya kukisoma hutoa tarakimu ya nyuzi 127 chini ya sifuri. Kidhibiti kisichofundishwa kitaamini kwamba maji yameganda kupita kiasi, na kitawasha hita bila kuizima. Pili, kihisi kinapopata umeme, kabla hakijapima lolote, kipimo kilichomo ndani yake ni nyuzi 85. Kidhibiti kikisoma mapema mno kitadhani kwamba tangi linachemka.

Kwa hiyo programu isiwe na imani ya upofu. Ikatae kipimo chochote kilicho chini ya nyuzi 15 au juu ya nyuzi 40. Ikatae kipimo ambacho hakijabadilishwa na kingine kipya kwa muda wa dakika 5. Ikishakataa, izime hita na kumpelekea mwenyewe taarifa katika simu. Kwa nini izime, na si kuwasha? Kwa sababu ya ile tofauti tuliyoitaja mwanzoni. Tangi letu likikosa hita kwa saa 5 litapoa kwa nyuzi zisizofika 2, na tumbawe litavumilia. Hita ikiachwa wazi ndiyo iletayo msiba.

Lakini uko uongo ambao programu haiwezi kuugundua. Tuseme kihisi kimeponyoka na kuning'inia nje ya maji. Sasa kinapima hewa ya chumba, na kinasema nyuzi 20. Tarakimu hiyo haina kasoro yoyote: iko kati ya 15 na 40, ni mpya, na kihisi ni kizima. Kidhibiti kitawasha hita na kuiacha ikiwaka, nacho kitakuwa kimefanya sawasawa kama kilivyoagizwa. Hapa tunarudi kwenye msingi wetu. Kinachomwokoa mnyama ni uchache wa wati.

Kinga ya ziada ni kuweka swichi mbili mfululizo. Hita nyingi huwa na kidhibitijoto chake chenyewe ndani. Hicho kiwekwe nyuzi 27, na soketi janja iwekwe nyuzi 26. Ili hita iwake pasipo kukoma lazima vyote viwili viharibike. Tukikisia kwamba kila kimoja kina nafasi moja katika 100 ya kuharibika kwa mwaka, nafasi ya vyote viwili ni moja katika 10,000. Lakini hesabu hiyo ni sahihi iwapo tu vitu hivyo viwili havitegemeani. Ukiweka soketi mbili zinazosikiliza kihisi kile kile kimoja, kihisi kikidanganya zote mbili zitadanganyika kwa pamoja.

Maji yanayopotea

Mfugaji aliye katika nchi ya joto ana taabu iliyo kinyume na hiyo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya hita. Anachohitaji ni kupoza. Njia rahisi ni feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto fiche, ambalo kwa kilo 1 ni kama juli milioni 2.4. Lita 2 zikigeuka mvuke kwa siku moja huondoa juli milioni 4.8, tukizigawanya kwa sekunde 86,400 za siku nzima tunapata wati 56 hivi. Feni ya wati chache tu inaondoa joto la wati 56. Yafaa kukumbuka kwamba hewa ya pwani, kwa kuwa imejaa unyevu, hupunguza kazi hiyo.

Kila faida ina gharama yake. Kinachogeuka mvuke ni maji peke yake, chumvi hubaki. Tangi letu la lita 200, lenye gramu 35 za chumvi katika kila lita, lina gramu 7,000 za chumvi kwa jumla. Baada ya siku 3 lita 6 zimekwenda, na gramu zile zile 7,000 sasa zimo katika lita 194. Hizo ni gramu 36.1 kwa lita. Asiporudisha maji yasiyo na chumvi, bahari yake ndogo itazidi kuwa kali siku hata siku.

Dawa ya jambo hilo ni swichi ya boya na pampu ndogo inayovuta maji matamu kutoka katika chombo cha akiba. Hapa tena tufikirie ajali: konokono amekaa juu ya boya, au chumvi imeligandisha, na pampu haikomi. Mwenye chombo cha akiba cha lita 40 atapata, hata tukidhani kwamba hakuna tone lililomwagika sakafuni, gramu 7,000 katika lita 240, ambazo ni gramu 29.2 kwa lita. Huo ni mshtuko mkubwa kwa mnyama wa baharini. Mwenye chombo cha lita 4 atapata gramu 34.3 kwa lita, na mnyama hatatambua sana.

Chombo cha lita 4 hutosha siku 2 tu, na mtu mvivu ataona huo kuwa usumbufu. Sisi twaona kuwa ni faida ya pili. Kila baada ya siku 2 mwenyewe atalazimika kusimama mbele ya tangi na ndoo mkononi, na hapo ataona yale ambayo hakuna kihisi cha bei nafuu kiwezacho kuyaona: polipu waliojikunja, samaki anayepumua kwa haraka, kioo kilichoanza kuota mwani.

Kanuni hiyo hiyo hutumika kwa pampu za kutia kalsiamu na kabonati, ambazo matumbawe huzimaliza majini kila siku kwa kujenga mifupa. Chupa ya dawa isiwe na zaidi ya kiasi ambacho, kikimwagika chote kwa mara moja, tangi litaweza kukistahimili.

Umeme unapokatika

Twaweza kupanga hatari za tangi kwa kufuata muda ambao mnyama anaweza kuvumilia:

Kusimama kwa pampu ya mzunguko: saa chache.
Kuzidi kwa joto: saa chache hadi siku moja.
Kupoa kwa maji: siku moja au zaidi.
Kupanda au kushuka kwa chumvi polepole: siku kadhaa.
Kukosekana kwa nuru: siku nyingi.

Kwa nini mzunguko wa maji huja kwanza? Maji ya bahari yenye nyuzi 26 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 6.6 hivi za oksijeni katika lita moja. Tangi zima la lita 200 lina oksijeni isiyofika gramu 1.4. Hewa ya chumba, kwa upande wake, ina robo gramu na kidogo katika kila lita. Yaani lita 5 za hewa zina oksijeni sawa na tangi zima. Samaki na matumbawe huishi kwa sababu pampu inavuruga uso wa maji na kuingiza oksijeni mpya kila dakika. Pampu ikisimama akiba hiyo huisha, hasa usiku wakati mwani hautoi oksijeni bali nao huitumia.

Kutokana na hayo tunapata mashauri matatu. La kwanza, pampu ya mzunguko isiwekwe katika soketi janja hata kidogo, kwa kuwa haina kazi ya kuwashwa na kuzimwa. Kuiongezea rilei ni kuiongezea njia ya kufa. La pili, pawepo pampu ya hewa inayotumia betri, ya aina ile inayojiwasha yenyewe umeme wa nyumba unapokatika. La tatu, soketi janja nyingi huweza kupangwa jinsi zitakavyokuwa umeme unaporudi: zikae zimezimwa, ziwake, au zirudie hali ya mwisho. Soketi ya hita ipangwe ikae imezimwa mpaka kidhibiti kitakapoamuru.

Kuhusu usalama wa watu, maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kila tangi lenye vyombo vya umeme wa nyumba lazima lilindwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili matone yanayotambaa juu ya waya yadondokee chini badala ya kuingia katika soketi.

Amri itoke wapi?

Soketi janja nyingi, kama zinavyouzwa, haziamriwi moja kwa moja na simu ya mwenyewe. Simu hupeleka habari katika seva ya kiwanda, pengine ng'ambo ya bahari, nayo seva hurudisha amri hadi nyumbani. Mtandao ukikatika, au kiwanda kikiamua kuifunga seva, soketi hubaki bubu ikiwa katika hali iliyokuwamo. Kwa kuwasha taa ya sebule jambo hilo ni usumbufu tu. Kwa kushika hita ya viumbe hai ni hatari.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike ndani ya nyumba ile ile. Ziko programu zinazotolewa bure, kama Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, na reef-pi, iliyotungwa mahususi kwa matangi ya matumbawe na kuendeshwa katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Mtandao wa dunia utumike kwa kupeleka taarifa, usitumike kwa kuamua. Na jaribio lake ni rahisi: zima mtandao kwa siku moja, ukae nyumbani, uone kama tangi linajiendesha. Ng'oa kihisi, uone kama hita inazimika. Mtambo ambao haujapata kuharibiwa kwa makusudi haujajaribiwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kufundisha mambo haya bila matumbawe na bila umeme wa nyumba. Tunasisitiza kwamba wanafunzi wasing'oe matumbawe baharini. Matumbawe yenye mifupa migumu yamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, nayo hukua polepole sana.

Chukua ndoo ya lita 20, utie lita 10 za maji na gramu 350 za chumvi. Weka feni ndogo ya volti 12 juu yake, swichi ya boya ndani yake, na pampu ndogo ya volti 12 itakayovuta maji matamu kutoka katika chombo cha akiba. Tumia betri ya volti 12 yenye fyuzi. Kwanza, wanafunzi wapime maji yanayopungua kwa saa 24, boya likiwa limefungwa lisifanye kazi, kisha wahesabu wati zilizoondolewa. Pili, waliache boya lifanye kazi na kuona usawa wa maji ukishikiliwa. Tatu, walifunge boya kwa uzi likae chini, kana kwamba limekwama, na walinganishe matokeo ya chombo cha akiba cha lita 1 na cha lita 5. Wajadili ni mwanafunzi yupi aliyebuni mtambo ulio salama, na kama alihitaji fedha zaidi.

Hitimisho

Yaliyosemwa hapa hayahusu matumbawe peke yake. Jokofu la chanjo katika zahanati, kitotoleo cha vifaranga, pampu ya tangi la maji la shule: vyote hivyo vina kihisi, kidhibiti na kitendaji, na vyote vitaharibika siku moja. Kifaa cha bei nafuu si kifaa kibaya. Ubaya ni kukipa nguvu ya kuua, kisha kutumaini kwamba hakitakosea.

Maswali ya kujipima

1. Tangi la lita 100 hupoteza wati 10 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Chumba kina nyuzi 22. Hita ya wati 100 ikigandana, maji yatafika halijoto gani mwishowe?

2. Tangi la lita 150 lina gramu 35 za chumvi kwa lita, nalo hupoteza lita 3 za maji kwa siku. Baada ya siku 2 litakuwa na gramu ngapi kwa lita?

3. Eleza kwa nini programu haiwezi kutambua kihisi kilichoponyoka nje ya maji. Je, kihisi cha pili kingesaidia? Kiwekwe wapi?

4. Kwa nini tumeshauri hita izimwe, na pampu ya mzunguko iwake, pale kidhibiti kinapokufa?

5. Chagua mtambo mmoja wa shuleni au nyumbani kwenu. Orodhesha njia ambazo waweza kuharibika, na useme mpaka gani wa nguvu au wa ujazo ungepunguza madhara.

Majibu ya hesabu: swali la 1, nyuzi 32, swali la 2, gramu 36.5 hivi.